King'ora cha tangi la maji kinapogoma: kutafuta kosa kuanzia kwenye buza hadi majini

Maji yanamwagika juu ya tangi, pampu inaendelea kusukuma, na king'ora ulichokiunda kwa mikono yako kimekaa kimya. Au kinyume chake: usiku wa manane kinapiga kelele, unapanda kuchungulia, unakuta tangi liko nusu. Mambo haya mawili ndiyo yanayowafanya watu wang'oe kila kitu na kurudi kwenye kugonga tangi kwa kidole ili kusikia maji yamefika wapi. Inaniuma kila ninapoona hivyo, kwa sababu mtambo wenyewe una vipande visivyofika kumi, na karibu kila kosa lake huacha alama inayosomeka.

Ninazungumzia mtambo wa kawaida kabisa: betri ya volti 9, transista moja aina ya BC547 (swichi ya umeme yenye miguu mitatu: besi, kolekta na emita), buza ya kutoa mlio, rezista mbili za kupunguza mkondo, na ncha mbili za chuma zinazoning'inia ndani ya tangi. Ncha ya kwanza imeungwa na chanya ya betri. Ya pili inapitia rezista ya kilo-omu 10 na kuingia kwenye besi ya transista. Buza iko kati ya chanya na kolekta. Emita imeungwa na hasi. Kati ya besi na emita kuna rezista ya kilo-omu 100, ambayo humu nitaiita rezista ya kutuliza, maana kazi yake ni kuituliza besi isishtushwe na vijimkondo vya ovyo. Maji yakigusa ncha zote mbili, mkondo mdogo sana unapita majini, unaingia kwenye besi, transista inafunguka, buza inalia.

Kabla hujabadilisha kifaa chochote

Usianze na transista. Tunaishuku haraka kwa sababu ndiyo kifaa ambacho hatukioni kikifanya kazi, lakini kwa vitu hivi nilivyovitengeneza na kuvirekebisha, kosa limekuwa majini au kwenye waya mara nyingi zaidi kuliko kwenye bodi. Kuna jaribio la dakika mbili linaloonyesha uelekeo.

Chomoa waya wa tangini kwenye bodi, kisha gusanisha vile vituo viwili vya ncha kwa kipande cha waya. Buza ikilia kwa nguvu, basi betri, transista na buza yenyewe ni vizima, yaache. Rudisha waya, panda tangini, toa ncha, zifute, zigusanishe huko huko. Ikilia, waya ni mzima. Sasa zitumbukize kwenye glasi ya maji yaliyochotwa kwenye tangi hilo hilo. Ikilia kwenye glasi lakini tangini hailii, tatizo ni namna ulivyozifunga ncha. Pale jaribio linapokwama ndipo pa kuchimba.

Tahadhari moja: kugusanisha ncha ni salama tu kama ile rezista ya kilo-omu 10 ipo. Michoro mingine huiacha kwa hoja kwamba maji yenyewe ni kizuizi cha kutosha. Bila rezista hiyo, siku ncha zikigusana kwa bahati mbaya besi inapokea mkondo wote ambao betri inaweza kutoa, na transista inakufa papo hapo.

Kimya, hata ukigusanisha vituo kwenye bodi

Betri kwanza, na ipimwe ikiwa kazini. Betri iliyochoka ikipimwa peke yake inaweza kuonyesha volti 8.5 ukadhani iko vizuri; ukiibebesha buza inaporomoka. Weka mita ya umeme kwenye vituo vya betri, gusanisha vituo vya ncha, tazama namba inavyokwenda. Angalia pia kile kishikizo cha betri: nyaya zake ni nyembamba, na hukatikia ndani ya ganda la plastiki huku kwa nje zikionekana salama. Zivute taratibu, moja moja.

Kisha buza. Iunge moja kwa moja na betri, mguu wenye alama ya + kwenye chanya. Ikilia mfululizo ni nzima. Ikitoa mlio mmoja wa "tik" na kunyamaza, hiyo ni buza ya aina isiyo na kitoa sauti ndani yake. Inahitaji kuletewa mawimbi na sakiti nyingine, na kwa betri tupu haitalia hata ungeibembeleza. Kwa nje aina hizi mbili hufanana kama mapacha, kwa hiyo kila buza ijaribu na betri kabla hujaichomea risasi. Soma na volti iliyoandikwa, maana buza ya volti 5 kwenye betri ya 9 inaweza kulia vizuri siku ya kwanza kisha ikaungua. Na kama bado ina kile kibandiko juu ya tundu, kibandue. Huwekwa kiwandani kuzuia maji wakati wa kuosha bodi, nacho humeza sauti.

Kwenye transista, kosa la kawaida ni miguu. Shika BC547 uso bapa ukikutazama na miguu ikielekea chini: kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 na PN2222, ambazo watu huziweka badala yake, zina mpangilio wa kinyume: emita, besi, kolekta. Transista iliyogeuzwa si lazima ife. Mara nyingine hufanya kazi nusunusu, na hapo ndipo mtu hupoteza siku nzima.

Rezista nazo husomwa vibaya chini ya taa hafifu. Kilo-omu 10 ni kahawia, nyeusi, chungwa. Kilo-omu 100 ni kahawia, nyeusi, njano. Ukizibadilishana nafasi, ile ya kutuliza itakula karibu mkondo wote uliokusudiwa besi. Dalili yake ni hii: ukigusanisha ncha chuma kwa chuma buza inanong'ona, ukiziweka majini inakufa kabisa.

Kinalia kwa unyonge, kama mbu

Dalili hii ndiyo inayofundisha zaidi. Wakati buza inanung'unika, pima volti kati ya kolekta na emita. Ukipata chini ya 0.3, transista imefunguka yote na unyonge unatoka kwenye betri au buza. Ukipata 3, 4 au 5, transista imefunguka nusu: volti ambazo buza ilipaswa kuzipata zinaishia kwenye transista. Besi inadai mkondo zaidi, na mkondo wa besi unatoka majini.

Tufanye hesabu. Tuseme buza inataka miliampia 25, na transista inakuza mkondo mara 200. Maji ya bomba kati ya ncha zako yana ukinzani wa kilo-omu 50. Ongeza 10 za rezista, zinakuwa 60. Volti 9 ukitoa 0.7 ya besi zinabaki 8.3. Gawanya: mikroampia 138. Rezista ya kutuliza inachukua 7, zinabaki 131, mara 200 ni miliampia 26. Inatosha, ila kwa kubanana. Sasa mvua inanyesha, tangi linajaa maji ya bati, na ukinzani unapanda hadi kilo-omu 300. Hesabu ile ile inakupa mikroampia 20 kwenye besi, yaani miliampia 4 kwa buza iliyotaka 25.

Hakuna kilichoharibika hapo. Kilichobadilika ni maji. Maji hupitisha umeme kwa sababu ya chumvi na madini yaliyoyeyuka ndani yake, na ya mvua hayana mengi. Ndiyo maana king'ora kilicholia vizuri kwa maji ya kisima kinaweza kugoma mara tu mvua zikianza. Ndiyo maana pia nakusihi usijaribu mtambo wako mezani kwa maji uliyotia chumvi. Utafurahi, utaupandisha tangini, nao utakaa kimya.

Njia rahisi ya kuponya ni kusogeza zile sehemu za ncha zilizo wazi zikaribiane, sentimita 2 au 3, na kuongeza eneo la chuma linaloguswa na maji. Isipotosha, ongeza transista ya pili kwa mtindo wa Darlington, uliopewa jina la Sidney Darlington aliyeubuni mwaka 1953: kolekta mbili zinaungwa pamoja, emita ya kwanza inaingia kwenye besi ya pili. Ukuzaji unazidishana, 200 mara 200, na mara moja maji ya mvua yanatosha na kubaki. Rezista ya kutuliza iwe ya mega-omu 1, iwekwe kutoka besi ya transista ya kwanza hadi hasi. Ukipima kolekta hadi emita utaona karibu volti 0.7 hadi 1 hata ikifunguka yote. Ndivyo ilivyo kwa Darlington, usihangaike kutafuta kosa.

Ila mtambo mwepesi hivyo hushtuka kwa kitu kidogo. Ukigusa bodi kwa kidole inalia. Ule ute wa kahawia unaobaki baada ya kuchomea risasi, ukinyonya unyevu, nao hupitisha mkondo. Safisha bodi kwa spiriti na mswaki, na iache ikauke kabla ya kuihukumu.

Neno moja kuhusu kupima ukinzani wa maji kwa mita. Utaona namba inapanda yenyewe, haitulii, ukadhani mita ni mbovu. Mita hupitisha mkondo wa upande mmoja, na uso wa ncha hubadilika kadiri unavyosubiri. Chukua namba ya sekunde za mwanzo, kisha geuza nyaya na upime tena.

Kinalia tangi likiwa halijajaa, au hakinyamazi maji yakishuka

Chukua tochi, chungulia pale ncha zinapofungwa. Kama umezifunga mbili pamoja kwenye kipande kimoja cha plastiki, utaona utando mwembamba wa maji unang'aa kati ya skrubu na skrubu. Chini ya kifuniko cha tangi hewa ina unyevu muda wote, nao huganda kuwa matone, na tone moja refu linatosha kuwa daraja. Futa kwa kitambaa kikavu: king'ora kikinyamaza wakati ule ule, huna haja ya kutafuta zaidi.

Dawa yake ni kuzitenganisha juu na kuzikaribianisha chini. Kila ncha itoke kwenye tundu lake, mbali na mwenzake kwa kiganja kizima, ikiwa imevikwa plastiki hadi sentimita moja ya mwisho. Sehemu zilizo wazi ndizo zikutane karibu, kule maji yanakofikia. Kama umeondoa rezista ya kutuliza ili kuongeza wepesi, irudishe. Bila hiyo hata unyevu wa pumzi unaweza kuifungua Darlington.

Halafu tazama bomba la kuingizia maji liko wapi. Ncha iliyo chini ya mmiminiko wa bomba hurushiwa maji na kulia tangi likiwa robo. Ihamishie upande wa pili, au iweke ndani ya kipande cha bomba la plastiki kilichosimama wima, chenye matundu chini na juu. Tundu la juu lina kazi yake. Ukilisahau, hewa hunaswa ndani ya bomba, maji hayapandi humo, na king'ora hakilii hata tangi likifurika. Umetibu dalili moja ukazaa nyingine mbaya zaidi.

Kilifanya kazi vizuri, kisha kikaanza kufifia

Toa ncha uzitazame mchana. Ile ya chanya, kama ni ya shaba, itakuwa na ukijani na imechongeka kama penseli. Ile ya pili itakuwa na ukoko mweupe wa chokaa. Mkondo mnyoofu, yaani wa upande mmoja kama wa betri, ukipita majini hufanya hivyo bila huruma: upande wa chanya chuma kinaliwa, upande wa hasi vinatoka vipovu vya haidrojeni na chokaa hujishika hapo. Ukoko huo haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo sauti inafifia siku hadi siku, na ukikwangua kidogo inarudi.

Kuna kosa la muundo linaloharakisha jambo hili, nalo nimelikuta mara nyingi: swichi ya kunyamazisha imewekwa kwenye buza. Unaizima, kelele inaisha, unadhani umepumzisha mtambo. Lakini mkondo bado unapita majini kuingia kwenye besi muda wote tangi likiwa limejaa, na ncha inaendelea kuliwa kimya kimya. Swichi iwe kwenye waya wa chanya unaotoka kwenye betri.

Badilisha shaba kwa chuma kisichoshika kutu, bolti mbili za aina moja. Usichanganye shaba upande huu na bati la zinki upande ule, maana metali mbili tofauti majini ni betri ndogo inayojiendesha. Ukitaka kumaliza tatizo kabisa, ncha zipelekewe mkondo geu (unaobadili upande kila mara), au ziamshwe kwa milisekunde chache kila baada ya sekunde kadhaa kwa kutumia kidhibiti kidogo cha programu. Na kama maji hayo ni ya kunywa, shaba isikae ndani yake ikiliwa hivyo. Hapo mimi sitaki ncha majini kabisa; nitaeleza badala yake mwishoni.

Maji yanapopanda ndani ya waya

Hili lilinichukua jioni nzima. Bodi ilikuwa inalia ovyo, na nilipofungua kasha nikakuta tone la maji limekaa juu ya kituo cha ncha, ingawa kasha lilikuwa ndani ya nyumba, mbali na tangi. Nilibadilisha transista, nikakausha bodi, kesho yake tone likarudi pale pale. Mwishowe nilichuna ganda la waya wa tangini, mita nzima juu ya usawa wa maji. Nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, na katikati yake zilikuwa zimelowa.

Waya wa nyuzi nyingi hunyonya maji kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Maji huingia pale waya ulipochunwa, hupanda kati ya nyuzi, kisha hushuka upande wa pili hadi kwenye bodi. Kwa nje huoni chochote. Kiungo kati ya waya na ncha kisikae majini: ncha iwe ndefu kiasi kwamba kiungo kiko juu ya usawa wa mwisho wa maji, kisha kifunikwe kwa gundi ya epoksi au silikoni. Silikoni inayonuka siki iache, kwa sababu asidi yake inakula shaba. Kabla waya haujaingia kwenye kasha, ushushe kidogo chini ya tundu kisha ndipo upande kuingia, ili maji yanayotiririka kwa nje yadondoke pale kwenye mpindo.

Kinalia pampu ikiwashwa

Waya mrefu wa tangini ni antena. Ukilala sambamba na waya wa umeme wa pampu, hudaka mtetemo wake na kuupeleka kwenye besi. Sokota nyaya mbili za ncha pamoja, zitenge na za umeme, na weka kapasita (kifaa kinachotunza chaji kidogo na kulainisha mitikisiko) ya mikrofaradi 10 kati ya besi na emita, upande wa chanya ukiwa kwenye besi. Kapasita hiyo huponya pia kusitasita: ule mlio wa kukatika-katika maji yanapopigapiga ncha kwa mawimbi. King'ora kitachelewa kidogo kulia, jambo ambalo tangi halilijali.

Kama mtambo wako unazima pampu kwa rilei (swichi inayovutwa na koili ya umeme), hakikisha kuna dayodi ya 1N4007, inayopitisha mkondo upande mmoja tu, sambamba na koili, mstari wake ukielekea chanya. Koili ikikatiwa umeme hurudisha msukumo mkubwa wa volti. Bila dayodi transista huvumilia mara kadhaa kisha hufa, na mara nyingi hufa ikiwa imeshika shoti kati ya kolekta na emita, yaani rilei haiachii tena. Upande wa rilei wenye umeme mkubwa mwachie fundi umeme.

Betri inaisha haraka

Mtambo wa transista ukiwa kimya hauli karibu kitu. Betri ya alkali ya volti 9 ina takriban miliampia-saa 500, kwa hiyo buza ya miliampia 25 ikiachwa ilie mfululizo huimaliza kwa saa 20 hivi. Ikiisha bila kulia, tafuta unyevu kwenye ncha, au taa ya LED inayowaka muda wote. Wenye sakiti ya 555, ile chipu ya kupima muda, wajue kwamba NE555 ya kawaida hula miliampia kadhaa hata ikiwa kimya. Aina ya CMOS kama 7555 hula sehemu ndogo sana ya hiyo.

Ukichoka na betri, tumia adapta iliyotenganishwa na umeme wa ukutani kwa transfoma. Ile michoro inayoshusha umeme wa ukutani kwa kapasita tupu isiguse mtambo huu hata siku moja. Ncha zako ziko ndani ya maji ambayo mtu atafungulia bomba na kuweka mkono.

Hatua nyingi, moja haiitiki

Wanaoonyesha robo, nusu na kujaa kwa ULN2003, chipu yenye Darlington kadhaa ndani yake, hulalamika kwamba taa haziwaki kwa maji ya mvua. Ndani ya ULN2003 tayari kuna rezista za kutuliza zenye ukinzani mdogo, na kila mlango hutaka takriban mikroampia 100 kabla haujaanza kufunguka. Kwa volti 9, maji yenye ukinzani unaozidi kilo-omu 70 na kitu hayatoshi. Weka transista moja mbele ya kila mlango, au tumia Darlington za kuunda mwenyewe.

Badala ya ncha: boya

Kwa maji ya kunywa, na kwa maji yenye chokaa nyingi, weka swichi ya boya, ile yenye sumaku ndani ya boya na swichi iliyofungiwa ndani ya mhimili. Hakuna mkondo unaopita majini, kwa hiyo hakuna kinacholiwa. Waya wake mmoja uende chanya, mwingine kwenye ile rezista ya kilo-omu 10, bodi ibaki ilivyo. Nayo ikigoma, itoe tangini na ipandishe boya kwa mkono huku mita ikiwa kwenye mlio wa kupima shoti. Isipolia, sogeza sumaku nyingine kwenye mhimili: ikilia sasa, swichi ni nzima na boya limekwama kwa ukoko au limepoteza sumaku yake. Ikilia muda wote hata boya likiwa chini, huenda limevaliwa juu-chini. Toa kipete kinachozuia boya lisichomoke, geuza boya, rudisha, pima tena. Likiendelea kulia, swichi imegandia ndani, na hiyo haifunguliwi, badilisha yote.